Pikapu tupu inateleza kwenye theluji: nianze na matairi, mchanga au cheni?

Seremala_wa_Pikapu:

Wakuu, habari za humu ndani. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa kuendesha pikapu kipindi cha baridi kali.

Nina pikapu ya kabini mbili, inavuta nyuma tu, gia za mkono. Kiangazi haina neno. Tangu theluji ianze kushindiliwa barabarani imekuwa gari nyingine kabisa. Nikiwa nimepakia mbao inakwenda vizuri, lakini siku nikiwa mtupu, nikiachia klachi kwenye taa mkia unakimbilia kando kabla pua haijasogea. Njia ya kazini ina kilima kifupi. Vigari vidogo vinavyovuta mbele vinapanda polepole na kufika juu, mimi nabaki katikati, gurudumu moja la nyuma linazunguka bure na mwenzake ametulia kama hayamhusu.

Matairi ni yaliyokuja na gari. Ubavuni yameandikwa M+S (tope na theluji), kashata, yaani meno ya tairi, bado zipo, nimepima nikapata milimita 5. Wenzangu kazini kila mmoja ana lake: huyu ananiambia nijaze theluji yenyewe kwenye bodi iwe uzito, huyu anasema nipunguze upepo, mwingine anasema hakuna dawa bila fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta. Hela ya kufanya jambo moja msimu huu ninayo. Yote kwa pamoja siwezi.

Nianze na lipi? Na kama ni mchanga, kilo ngapi, na uwekwe sehemu gani ya bodi? Asubuhi napeleka wanangu wawili shule kwa gari hiyo hiyo, kwa hiyo siulizi ili nijaribu mambo. Nataka gari inayoshika barabara.

Kipupwe:

Mkuu, usihangaike. Chukua viroba vya mchanga, jaza kilo 150 au 200, panga kule mwisho kabisa karibu na mlango wa bodi. Mkia ukikandamizwa vizuri hauwezi kucheza tena. Mimi nafanya hivyo kila msimu na napanda popote.

Tope_na_Theluji:

Ungekuwa na fowili tusingekuwa tunaongea haya. Kama kuuza haiwezekani, nunua cheni ukae nazo kwenye gari.

Brekidauni:

Mkuu Seremala, nimesoma mpaka mwisho na nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umetaja watoto, na kwa sababu kazi yangu ni kuendesha brekidauni. Theluji ikidondoka simu yangu hailali, na pikapu tupu ndizo ninazozifuata zaidi. Zinazovuta nyuma nazikuta zimekwama kwenye vilima. Fowili nazikuta mtaroni, tena mbali na barabara, kwa sababu zilitoka na mwendo. Hilo la fowili nitalirudia.

Kwanza tuone kwa nini inateleza. Pikapu imetengenezwa ibebe mzigo nyuma, kwa hiyo ikiwa tupu, injini, gia boksi na kabini vyote vinakandamiza mbele. Chukua mfano wa gari ya kilo 2,000 ikiwa tupu. Kilo 1,160 hivi ziko juu ya magurudumu ya mbele, 840 nyuma. Magurudumu unayoyategemea yasukume gari ndiyo yenye uzito mdogo. Vigari vinavyokupita kilimani vina injini juu ya magurudumu yanayovuta, ndiyo siri yao yote.

Halafu kuna difu. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili, maana yake hakuna linaloweza kupewa zaidi ya kile ambacho mwenzake anakimudu. La kulia likikaa juu ya barafu, linazunguka kwa nguvu kidogo sana, na la kushoto linapata hicho hicho kidogo hata kama limesimama kwenye lami kavu. Unachokiona kilimani ndicho hicho. Gari yako si mbovu.

Sasa swali lako: jambo moja. Jambo hilo ni matairi ya baridi, manne. Mchanga ni wa pili, na kwa bahati nzuri hauli hela nyingi, kwa hiyo utaweza vyote viwili.

Najua Kipupwe ameanza na mchanga na wengi wataanza huko, kwa sababu tatizo linaloonekana ni kushindwa kuondoka. Lakini gari iliyoshindwa kuondoka imesimama, haijamuumiza mtu. Inayonitoa usingizini ni ile iliyoshindwa kusimama. Ukiongeza mchanga unaongeza mshiko wa nyuma, ni kweli, lakini umeongeza pia uzito ambao breki zinatakiwa kuuzuia. Kwenye kusimama vinafutana. Mchanga unakusaidia kuondoka na kupanda. Tairi linakusaidia kuondoka, kupanda, kukata kona na kusimama.

Hebu tuweke hesabu, maana watu hubishana sana hapa bila namba. Tuseme matairi yako ya sasa kwenye theluji iliyoshindiliwa yanatoa mshiko wa 0.2, yaani tairi linashika kwa nguvu sawa na sehemu 0.2 ya uzito ulio juu yake, na ya baridi yanatoa 0.3. Ni makadirio ya mfano, yanabadilika kwa theluji na kwa tairi, lakini yanatosha kuonyesha ukubwa wa jambo.

Ukiwa na 840 nyuma kati ya 2,000, gari inaweza kupanda mwinuko wa takribani asilimia 8.4. Weka kilo 150 juu ya ekseli ya nyuma bila kubadilisha matairi, unafika asilimia 9.2. Badilisha matairi bila mchanga, unafika 12.6. Fanya vyote, karibu 13.8.

Sasa kusimama. Kutoka kilomita 50 kwa saa, kwa mshiko wa 0.2 unahitaji mita 49. Kwa 0.3 unahitaji 33. Mita hizo 16 ni zaidi ya urefu wa pikapu tatu zilizopangwa pua kwa mkia. Mchanga haukupi hata mita moja kati ya hizo, na fowili haikupi.

Kuhusu maandishi ya M+S ubavuni. Yale yanaeleza umbo la kashata tu, kwamba mifereji ni mipana kiasi fulani. Hayasemi tairi lilijaribiwa kwenye theluji. Alama unayoitafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Lenye alama hiyo limepita kipimo kwenye theluji. Tofauti kubwa ni mpira wenyewe. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la kiangazi unaanza kukakamaa na hauwezi tena kujibana kwenye vijishimo vidogo vya barabara. Mpira wa tairi la baridi unabaki laini. Tena kashata zake zina mikato myembamba mingi inayofunguka na kuuma theluji, na mifereji inabeba theluji ndani yake. Usiikung'ute ukidhani ni uchafu. Theluji hung'ang'ania theluji, ndiyo maana tairi zuri la baridi huonekana limejaa nyeupe.

Milimita zako 5 kiangazi ni nzuri. Kwenye theluji ziko karibu na mwisho, kwa sababu chini ya milimita 4 mifereji haina kina cha kukamata kitu. Jipya la baridi linakuja na milimita 8 au 9. Usidanganyike na kile kiwango cha chini cha kisheria cha milimita 1.6, hicho hakikuwekwa kwa ajili ya theluji.

Nimesema manne na narudia manne. Watu wa pikapu zinazovuta nyuma hupenda kununua mawili ya nyuma kubana matumizi. Gari itaondoka vizuri, utafurahi, utafika kwenye kona na usukani hautakujibu, maana mbele kumebaki mpira mgumu. Nimezivuta gari za namna hiyo na wenyewe hawaelewi imekuwaje, wanasema "lakini ilikuwa inashika." Nyuma ilikuwa inashika.

Upana: usiende kwenye tairi pana zaidi kwa ajili ya sura. Kwenye theluji ya barabarani, tairi jembamba kidogo linakata na kufika chini, pana linaelea juu. Chukua saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, au nyembamba zaidi kama kitabu cha gari kinairuhusu, na hakikisha namba ya uwezo wa kubeba haipungui iliyotakiwa. Wewe unapakia mbao, usivalishe pikapu tairi za gari ndogo.

Mchanga sasa. Kipupwe, ndugu yangu, kilo ulizotaja sina ugomvi nazo sana, mahali ndipo nakuomba ubadilishe. Ekseli ya nyuma ni kama mhimili wa bembea. Ukiweka kilo 150 mita moja nyuma yake, kwenye gari yenye mita 3.2 kutoka ekseli hadi ekseli, unanyanyua karibu kilo 47 kutoka magurudumu ya mbele. Ni kweli nyuma kunashika zaidi, lakini hizo 47 ulizoziondoa ndizo zilizokuwa zinakusaidia kukata kona na kufunga breki. Na mzigo ulio mbali mkiani, gari ikianza kuzunguka, unauvuta mkia uendelee kuzunguka.

Mchanga ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, yaani kati ya matao ya magurudumu, kuelekea kabini. Kwa pikapu ya saizi yako kilo 100 hadi 150 zinatosha. Usijaze zaidi ukidhani utapata zaidi: uzito huo unatolewa kwenye mzigo unaoruhusiwa, na namba ya mwisho imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Ukipakia mbao nzito, shusha viroba.

Na ufunge. Tafadhali, ufunge. Kwa mikanda ya kukazia, kwenye vishikio vya bodi, au tengeneza fremu ya mbao inayokaa katikati ya matao isitembee. Wewe ni seremala, hiyo ni kazi ya jioni moja. Gari ikisimama ghafla, kiroba kisichofungwa hakisimami nayo, kinaendelea mbele, na mbele yake ni ukuta wa kabini, na nyuma ya ukuta huo wamekaa wanao. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie matofali wala vyuma chakavu. Mchanga ukipasuka unamwagika tu, na siku ukikwama unao wa kumwaga chini ya magurudumu.

Theluji kama uzito, hapana. Huwezi kuifunga, inayeyuka, inaganda kuwa pande moja linaloteleza juu ya bati. Maji kwenye madumu yanachezacheza, kisha yanapasua dumu yakiganda.

Upepo: usipunguze kwa ajili ya barabara. Kwanza baridi inakupunguzia yenyewe, karibu psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 joto linaposhuka. Ulijaza 35 kwenye nyuzi 20, asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri utakuta kama 30. Pima likiwa baridi, kabla ya kuondoka, jaza ifike kwenye namba ya kibandiko. Kupunguza upepo ni mbinu ya kutoka kwenye theluji ya kina kirefu nje ya barabara, mwendo wa polepole, na ukitoka unajaza tena.

Cheni ni nzuri pale ambapo theluji haijaondolewa au njia ya mlimani ina amri ya kuzifunga. Kwako zinakaa nyuma. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa au ule ulioandikwa kwenye boksi lake kama ni mdogo zaidi. Ukishazifunga tembea mita chache, shuka, kaza tena. Lami ikitokea, vua. Angalia kitabu cha gari kama kuna nafasi ya kutosha ndani ya tao. Na uzifunge mara ya kwanza nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto. Usiku kwenye upepo si wakati wa kusoma maelekezo. Ila haziwezi kuwa jibu la kila asubuhi ya kwenda shule.

Tope_na_Theluji, fowili ni kitu kizuri na sitaipinga kwenye kupanda. Kwa hesabu ile ile ya juu, magurudumu manne yakivuta kwa mshiko wa 0.2 unapanda asilimia 20. Lakini angalia linalotokea: dereva anaondoka vizuri, haoni dalili yoyote ya utelezi, anafika 80, kisha anafunga breki na kugundua kwamba barafu ilikuwepo muda wote. Kila gari ina breki kwenye magurudumu manne. Fowili haina ya tano. Yenye matairi magumu itasimama pale pale itakaposimama ya Seremala.

Tope_na_Theluji:

Nimekuelewa kaka. Yangu ina fowili ya kuchomeka na difu loki ya nyuma, ile inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Je, niiweke 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) muda wote wa msimu?

Brekidauni:

Hapana. Kwenye fowili ya kuchomeka, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo lazima itokee mahali. Kwenye theluji tairi linateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu haliwezi, kwa hiyo mfumo unajikaza, usukani unakuwa mzito, na unaweza kuvunja vyuma. Barabara ikiwa nyeupe weka 4H, ikiwa kavu toa. Kama yako ina nafasi ya otomatiki, hiyo ni habari nyingine, ile imetengenezwa kuvumilia barabara iliyochanganyika.

Difu loki ni ya kujinasua, mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukiifunga kwenye barafu iliyoinama upande, magurudumu yote mawili yanateleza kwa pamoja na mkia unashuka kuelekea mtaroni. Ukishatoka, fungua.

Seremala_wa_Pikapu:

Kaka Brekidauni, asante sana. Sikutegemea jibu la namna hii. Kipupwe na wengine pia asanteni.

Nimekwenda kuangalia matairi. Hakuna ule mlima wenye theluji, ni M+S tu. Namba nne za mwisho baada ya herufi za DOT ni 3816. Nimeulizia matairi ya baridi ya saizi ya kwenye mlango, nayapata. Nitafunga manne na fremu ya mchanga nitatengeneza mwenyewe.

Naomba unisaidie jambo moja: kile kilima. Nakipandaje, na hasa nakishukaje? Kurudi jioni nakishuka, na chini yake kuna makutano yenye taa. Naogopa kushuka kuliko kupanda.

Brekidauni:

3816 ni wiki ya 38 ya mwaka 2016. Hata kama kashata zipo, mpira wa umri huo umeshakauka. Umeamua vizuri.

Kupanda: mshiko wa kilimani unautafuta chini, kabla ya kilima. Acha aliye mbele yako afike juu kwanza, usimfuate karibu, kwa sababu akikwama naye anakukwamisha. Ingia na mwendo wa wastani, gia ya pili au ya tatu, na ukishaanza kupanda usibadilishe gia wala usiongeze mafuta kwa ghafla. Kuondoka kwenye sehemu tambarare tumia ya pili, klachi uiachie taratibu kuliko ulivyozoea. Gia ya kwanza ina nguvu nyingi kuliko theluji inavyoweza kupokea.

Gurudumu likianza kuzunguka, legeza mafuta. Kuendelea kukanyaga kunayeyusha theluji, inaganda tena, na umejitengenezea kioo chini ya tairi. Kama mwendo umeisha katikati, shika breki, washa taa za tahadhari, angalia nyuma, rudi chini kwa gia ya rivasi ukiwa umenyooka. Usijaribu kugeuza gari katikati ya kilima.

Kushuka umefanya vizuri kukuogopa, na nitakueleza kitu ambacho wanaotoka kwenye magari yanayovuta mbele hawakijui. Kila mtu anafundishwa kushuka kwa gia ndogo ili injini izuie gari, na ni kweli. Lakini kwenye gari yako injini inazuia magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiingiza gia ya pili ukaachia klachi pwaa kwenye barafu, ni sawasawa na kuvuta hendibreki: nyuma kunafunga, mkia unataka kutangulia. Kwa hiyo chagua gia juu kabisa, kabla ya mteremko kuanza, ukiwa tayari polepole. Achia klachi kwa upole, ukiongeza mafuta kidogo ili mzunguko wa injini ulingane na wa magurudumu. Kisha shuka hivyo hivyo ukigusa breki kidogo kidogo, maana breki za miguu zinazuia magurudumu yote manne, na kama zina ABS, mfumo huo hauyaachi yajifunge. Ukihisi nyuma kunaanza kuchezacheza kwa sababu ya injini, kanyaga klachi, magurudumu yataachiliwa na kurudi kuzunguka.

Ukilazimika kufunga breki kwa nguvu na gari ina ABS, kanyaga pedali ya breki na uendelee kukanyaga. Pedali itatetemeka na kugonga mguu. Inafanya kazi yake, usiachie. Usukani bado utakujibu.

Mkia ukiondoka: toa mguu kwenye mafuta, usifunge breki, tazama unakotaka kwenda na elekeza magurudumu huko. Gari ikianza kurudi, rudisha usukani mapema, kwa sababu pikapu ikirudi hurudi kwa nguvu na inaweza kupitiliza upande wa pili. Pata uwanja mtupu wenye theluji, wanao wakiwa nyumbani, ufanye hivyo kwa mwendo wa kilomita 20 mpaka mikono izoee. Somo hilo huwezi kulipata kwa kusoma.

Na angalia joto. Watu huogopa nyuzi 20 chini ya sifuri, wakati barafu ya baridi kali inashika kuliko ya sifuri. Ikikaribia sifuri juu yake kunakaa utando wa maji, na hapo ndipo simu yangu inaita zaidi. Asubuhi inayofuata mvua nyepesi, acha kilima, zunguka njia ndefu hata kama utachelewa shule.

Shuka_Blanketi:

Naongezea kwa Seremala, kwa kuwa anabeba watoto. Weka kwenye kabini, usiweke kwenye bodi: koleo fupi, blanketi, glovu, tochi. Bodi ikiganda huwezi kufungua mlango wake ukachukua koleo.

Ukikwama theluji ikiendelea kudondoka na ukaamua kusubiri na injini inawaka, shuka kwanza uchimbe nyuma ya gari mpaka bomba la ekzosi liwe wazi kabisa, na urudie kuangalia. Bomba likizibwa, moshi unaingia kabini. Sumu yake haina harufu na haina rangi, mnasinzia tu. Mimi ni nesi, na wagonjwa wa namna hiyo nimewapokea. Naomba usipite sentensi hii haraka.

Brekidauni:

Asante dada, hilo nilipaswa kuliweka juu kabisa.

Nami nimalizie upande wangu wa kuvuta. Ukikwama, safisha theluji mbele na nyuma ya magurudumu yote manne na iliyoshika tumbo la gari, mwaga mchanga kwenye njia ya magurudumu ya nyuma, nyoosha usukani. Kama gari ina mfumo wa kuzuia utelezi, uzime kwa muda huo, la sivyo utakata nguvu kila unapojaribu kuisukuma mbele na nyuma. Chumvi usiitegemee, inachelewa na kwenye baridi kali sana haifanyi kitu.

Akija msamaria na kamba, ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesesi. Kamwe isifungwe kwenye mpira wa tela, lile tufe la chuma la kufungia tela. Ule umetengenezwa kwa tela, haujatengenezwa kwa mshtuko wa gari iliyonasa. Ukikatika unaruka kama risasi na umeshaua watu. Watoto na watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa kamba, upande, wasikae mbele wala nyuma yake.

Seremala_wa_Pikapu:

Nimeyaandika yote. Swali la mwisho kabisa: viroba vikilowa je, mchanga hautaganda? Na matairi niyatoe lini?

Brekidauni:

Utaganda, na ukiganda ni jiwe, hauwezi kuumwaga chini ya tairi. Nunua uliokauka, weka kwenye mfuko wa plastiki mzito ndani ya kiroba, funga mdomo, na kiroba kimoja kidogo kaa nacho kabini kwa ajili ya dharura. Vingine hata vikiganda, uzito ni ule ule.

Matairi yatoe asubuhi zikianza kuwa juu ya nyuzi 7 mfululizo. Mpira ule laini unalika haraka kwenye lami ya joto na breki zake hapo si nzuri. Siku hiyo hiyo shusha mchanga, na uoshe chesesi kwa chini kwa maji ya presha, maana chumvi ya barabarani hujificha juu ya fremu na kuila polepole.

Ukishafungiwa hayo manne mapya, baada ya kilomita 80 hadi 100 rudia kukaza nati zote kwa spana ya kipimo, kwa namba iliyo kwenye kitabu. Nati hulegea rimu ikishajikalia, na gari ya mzigo kama yako haitakusamehe hilo.